Kisima Nilichokitoboa kwenye Kadi

Kadi ya kompyuta ina safu themanini, na katika kadi zangu safu ya thelathini na moja nilikuwa nimeitenga kwa swali moja tu: maji haya, mwandishi ameyaona kwa macho yake au ameambiwa? Ukitoboa moja, nimeambiwa. Ukitoboa mbili, nimeona. Mpango huo niliubuni mwenyewe, na msimamizi wangu alipouona alisema, "Safari hii angalau umeogopa kitu cha maana."

Alinijua. Mimi ni mtu wa hofu. Nikifunga mlango narudi kuusukuma, kisha narudi tena kuhakikisha kwamba kuusukuma kwangu hakukuulegeza. Katika chumba cha kutobolea kadi nilikuwa napandisha kila kadi dirishani nione mwanga ukipita kwenye matundu, na wenzangu watatu wakisubiri kiti wanapiga miluzi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo, Dar es Salaam, nikisomea hisabati na kompyuta. Chuo hakikuwa na mashine yake. Tulipeleka kadi katika ofisi moja ya serikali mjini, Jumanne na Ijumaa, tukaziacha dirishani, na baada ya siku tatu tukarudi kuchukua karatasi. Mara nyingi karatasi ilikuwa na mstari mmoja wa kosa. Umesahau koma, siku tatu zimekwenda, anza upya. Mwendesha mashine, mtu mwenye kipara na saa kubwa ya mkononi, alipenda kutupa majibu kwa sauti ya kufika barabarani.

"Msomi wa Tabora! Mashine inauliza, akili unazo au uliziacha stesheni?"

Siku moja aliliangusha boksi langu. Lilikuwa boksi la viatu, nimepewa na Mhindi mwenye duka ambaye baba yangu alikuwa akishona nguo barazani kwake. Kadi mia tatu na ushee zilitawanyika sakafuni, na kadi zikishachanganyika mpangilio programu imekufa. Yule bwana akazitazama, akatazama saa yake.

"Mimi ni wa mashine," akasema. "Sakafu ina watu wake."

Nilipiga magoti nikaziokota moja moja katikati ya miguu ya watu. Nasimulia haya ili ijulikane kwamba kufikia mwaka ule nilikuwa nimekwisha kuzoea kuonewa, nikadhani mtu anayeonewa hawezi yeye mwenyewe kuonea.

Tasnifu ilikuwa lazima. Kanuni ya idara ilisema asiyefaulu tasnifu hapati shahada, na hakuna kurudia. Mwaka uliotangulia mwanafunzi mmoja alirudishwa kwao na cheti cha kuhudhuria, kama mtoto wa chekechea. Baba alikuja Tabora kufanya kazi ya reli akiwa kijana kutoka Uzaramo, akaoa pale, akastaafu, akaanza kushona, na kila aliyepimwa suruali barazani pale aliambiwa kuwa mwanawe anasomea mashine inayofikiri. Kila usiku nilikuwa naiona sura yake akiendelea kupima suruali huku mteja akimuuliza, "Vipi yule wako, alimaliza?"

Ulikuwa mwaka wa operesheni. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali porini, kila kaya na shamba lake, walitakiwa wahamie vijiji vya pamoja kabla ya mvua. Nami niliandika programu ya kuchagua mahali pa kijiji. Unaipa kaya zilipo, mashamba yalipo, maji yalipo na barabara ilipo. Inajumlisha mwendo wa kila mtu. Inakupa mraba mmoja kwenye ramani ambako wote wakihamia watatembea kidogo kuliko popote. Nilitaka watu watembee kidogo. Naliandika hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza nilitaka nini.

Msimamizi aliweka masharti mawili. La kwanza, kila chanzo cha maji nikione mwenyewe. "Watu husema maji yako karibu kwa sababu wamezoea kwenda," alisema. "Karibu ya kuambiwa usiilete hapa." La pili, ofisi ya mipango ya huko nitakakokwenda iandike barua ya kuthibitisha kwamba kazi ilifanyika na takwimu ni sahihi. Bila barua, mtahini wa nje hataifungua.

Likizo ndefu nikaenda nyumbani, nikachukua baiskeli ya baba, nikashika njia ya Sikonge. Tawi moja la njia ya zamani ya misafara linapita huko, ile waliyokuwa wakipita wapagazi na pembe zao kwenda pwani; sasa wanapita wauza asali tu, na mchanga wake unameza gurudumu mpaka ekseli. Nililala kwa balozi wa nyumba kumi, mzee mpole aliyefuga nyuki. Nilizunguka kaya arobaini na moja kwa siku kumi na sita. Vyanzo vya maji vilikuwa saba. Sita niliviona kwa macho yangu, nikapima kina kwa kamba yenye mafundo, nikaonja.

Cha saba niliambiwa na bibi mmoja.

Nilimkuta uani kwake na wanawake wengine wanne wakipukuchua karanga. Waliamkiana kwa Kinyamwezi na balozi, wakaniangalia daftari langu, wakarudia karanga zao. Mwaka ule mtu mwenye daftari hakupendwa. Bibi ndiye aliyeanza.

"Wewe baba yako kabila gani?"

"Mzaramo, bibi."

Akaachia karanga zikamwagika. "Jamani! Serikali imeniletea mtumwa wangu mpaka mlangoni!"

Wote wakacheka. Nami nikafurahi, kwa kuwa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani huwa haogopwi. Nyumbani nilikuwa nimeona watani wa baba wakimvua kofia barazani na kuondoka nayo, naye hana la kusema.

"Nyinyi Wazaramo nawajua," bibi akaendelea. "Babu yangu alishuka pwani na pembe begani, miezi mitatu, ulimi umekauka kama soli. Akafika kwenu akaomba maji. Mkamwambia, lete ushanga. Maji ya Mungu! Kata moja, shada moja!"

"Babu yako ndiye aliyeukausha Ruvu, bibi," nikasema. "Hadi leo tunavuka kwa miguu."

"Ee! Huyu kalelewa," akawaambia wenzake. "Haya mtumwa, unatafuta nini?"

"Maji, bibi. Upande huu mnateka wapi?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akaziba mdomo kwa upindo wa khanga.

"Maji!" Bibi akajinyoosha mgongo kama anayetoa ushahidi barazani. "Umefika. Kule chini mbugani kuna kisima hakijawahi kukauka tangu dunia iumbwe. Walete Wazaramo wote waje waoge, kwa jinsi msivyooga, bado kitabaki cha kupikia."

"Kina chake?"

"Cha kumzamisha Mzaramo mmoja amesimama."

"Ni mbali?"

"Mnyamwezi hatua mbili. Mzaramo atalala njiani."

Nikaandika: kisima cha kudumu, mbugani, mita mbili, karibu. Walicheka mpaka mmoja akashika mti. Nilidhani wanacheka Wazaramo.

Balozi aliniambia kwa upole, tukiondoka, "Kesho twende ukakione."

Kesho yake sikwenda. Njia ya mbugani inapita katika miombo yenye mbung'o, na siku iliyotangulia walikuwa wameniuma shingoni mara tatu. Nilikuwa nimesoma juu ya malale. Asubuhi ile nilikaa kitandani kwa balozi nikijipapasa tezi za shingo, nikihesabu dalili, nikijiuliza kama usingizi nilionao ni wa uchovu au ndio umeanza. Niliwaza sana. Niliwaza nauli ya gari moshi, siku zilizobaki, gurudumu la nyuma lililokuwa na pancha. Sikuwaza hata mara moja kwamba mtu aliyekwisha niita mtumwa wake, mbele ya watu wanaocheka, hakuwa ananijibu, alikuwa ananitania. Kichwani mwangu fomu ilikuwa mahali pasipoingia utani. Nadhani ni shule iliyonifundisha hivyo.

"Nimeghairi, mzee," nikamwambia balozi. "Nitaandika tu."

"Wewe ndiye msomi," akasema.

Chuoni nilikaa mbele ya mashine ya kutobolea kadi, kadi ya kisima cha saba mkononi, muda mrefu kiasi kwamba mwenzangu alinigusa bega. Nikitoboa moja, msimamizi ataiona na kunirudisha Tabora, na likizo imekwisha. Nikajiambia kwamba visima sita kati ya saba ni vingi. Nikajiambia kwamba bibi wa umri ule hadanganyi. Nikatoboa mbili. Nikaipandisha kadi dirishani. Mwanga ulipita vizuri.

Kompyuta ilijibu baada ya makosa manne ya koma na moja la mabano. Ilichagua mraba wa mbugani, karibu kabisa na kisima cha saba. Msimamizi alisoma karatasi amesimama, akasema, "Safi," neno ambalo kwake lilikuwa halijawahi kutoka. Nikatuma nakala kwa ofisi ya mipango pamoja na ombi la barua. Ofisa mipango akajibu kwamba amefurahi sana, na kwamba barua nitaifuata mwenyewe nikipata nafasi, kwa kuwa anataka kunionyesha kitu.

Nilipata ruhusa ya wiki moja mwezi wa kumi. Tabora ilikuwa ya vumbi na joto, mvua bado. Ofisa alikuwa kijana, ananizidi miaka mitano hivi, amevaa suti ya mikono mifupi, mchangamfu. Barua ilikuwa tayari mezani, imepigwa chapa, inakosa saini tu. Niliisoma kichwa chini. *Takwimu zote zimehakikiwa.*

"Nitaisaini leo leo," akasema. "Twende kwanza ukaone kazi yako."

Akanichukua kwa Landrova. Njiani aliniambia kwamba kulikuwa na ubishi katika kamati juu ya mahali pa kijiji, wengine wakitaka barabarani, yeye akaweka karatasi yangu mezani. "Nikawaambia, mashine imesema. Mtu atabishana na mashine?" Akacheka. "Tumewahamisha mwezi wa nane. Sasa wameanza maneno. Wanasema hakuna maji."



Kijiji kilikuwa kwenye mraba wangu kabisa. Hilo lilinishangaza kuliko yote: kwamba mraba una vumbi, na mbuzi, na mtoto anakohoa. Vibanda vya nyasi vilikuwa vimepangwa mistari miwili kama mistari ya programu. Wanawake walikuwa wanarudi na ndoo kutoka kijito chao cha zamani, kule walikotolewa, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na ndoo zilizofika zilikuwa nusu. Mtu mmoja alinitambua akamwambia mwenzake, na jina langu jipya likanitangulia uwanjani: *yule wa kompyuta*.

Mkutano ulikuwa umeitishwa. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, mgambo wawili nyuma na virungu. Kabla ya kuanza ofisa alitupeleka wote kwenye kisima.

Lilikuwa shimo la kufyatulia matofali. Pana, kina chake kimo cha mbuzi, udongo wake mwekundu umepasukapasuka, na pembezoni vipande vya matofali mabovu ya zamani. Mtu yeyote aliyewahi kuliona, hata mara moja, hata mvua ikiwa imelijaza mpaka juu, asingeliita kisima. Nilisimama ukingoni nikaelewa kicheko cha wale wanawake chote, tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesikia mzaha miezi mitano baada ya kusimuliwa.

"Ndugu zangu," ofisa akasema, "mtaalamu huyu hapa. Ana karatasi inayosema hapa palikuwa na kisima, mita mbili, cha kudumu. Mimi naona shimo. Sasa nataka nielezwe."

Bibi akajitokeza. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Usiwasumbue, baba. Ni mimi. Nilimtania."

"Ulimfanyaje?"

"Nilimtania. Ni Mzaramo huyu, mtani wangu. Alikuja anauliza maji, nikamwambia kisima hiki, nikamwambia hakikauki. Hili ni shimo la matofali la marehemu mume wangu, hata fisi wanalijua. Mtani akikwambia kula, si unaonja kwanza? Nilijua atakwenda kutazama, atakuta matope, atarudi anitukane, tucheke." Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiomba msaada kama mtu anavyomwomba mwenzake ashike upande wa pili wa mzigo. "Mtumwa wangu, waambie. Waambie hukufika."

Mwanamke mmoja nyuma yake akasema kwa uchungu, "Ulimi wako huo, bibi, ndio tunaobeba vichwani kila siku."

Ofisa akanitazama. Begani alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba barua isiyo na saini.

"Ndugu mtaalamu. Ulifika hapa au hukufika?"

Katika gari moshi nilikuwa nimeandaa majibu. Mimi huandaa majibu. Nilikuwa na jibu la kwa nini nilitumia umbali wa mstari mnyoofu, na jibu la kwa nini sikuhesabu mwinuko. Swali hili sikuwa nimeliandaa, na mtu kama mimi asipoandaa hutoa lililo karibu. Nikasema:

"Nilifika."

"Ukaona nini?"

"Maji." Ningeweza kuishia hapo. "Mengi. Nilipima kwa kamba."

Balozi, yule mzee wa nyuki aliyenipa kitanda, alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu. Alijua. Alitazama chini, akaanza kupangusa kiatu chake kimoja kwa kingine. Alikuwa balozi, alikuwa na lake la kuogopa.

"Vizuri," ofisa akasema taratibu. "Mwezi wa tano kisima kina mita mbili za maji. Mwezi wa kumi ni shimo, na vipande vya matofali vimetupwa ndani. Nani amekifukia?"

Sikuwa nimefika huko katika mawazo yangu. Naapa kwamba sikuwa nimefika. Mimi ninayewaza kila kitu mpaka mwisho wake, nilidhani uongo wangu unanisitiri mimi tu na kuishia hapo. Sasa niliusikia unatembea kwa miguu yake, unazunguka kati ya watu, unachagua.

"Hii inaitwa hujuma," ofisa akasema. "Hamkutaka kuhama, mkafukia maji, mkamtuma bibi aje na hadithi za watani. Haya. Wanawake wa nyumba kumi za bibi huyu watakifukua. Kuanzia leo. Mita mbili, kama alivyopima mtaalamu. Hakuna kwenda kijitoni mpaka maji yaonekane."

"Baba, hapo chini ni mwamba," bibi akasema. "Mume wangu alikomea hapo."

"Mtaalamu ameona maji."

Bibi akanitazama tena, sasa kwa udadisi kidogo, kama vile anahakikisha ni mimi. Kisha akasema, "Haya," akajifunga khanga kiunoni.

Barua ilisainiwa juu ya boneti ya Landrova. Mkono wa ofisa uliacha alama ya jasho pembeni mwa karatasi nami nikawaza kama alama hiyo itaifanya isikubalike.

Kabla ya kuondoka nilirudi shimoni. Sijui nilitaka nini. Walikuwa wamekwisha kuanza, wanawake saba na majembe ya mkono, bibi katikati yao, na jembe lilikuwa likigonga chini na kulia kama linalogonga sufuria. Nilikuwa tayari kutukanwa. Nililitaka tusi, kwa kweli; mtani akikutukana bado ni mtani.

"Shikamoo, bibi."

Akasimamisha jembe. "Marahaba, mwanangu," akasema, vizuri, kwa adabu yote, kama anavyomjibu mgeni yeyote wa serikali. Akaendelea kuchimba.

Dar es Salaam nilibakiwa na zamu moja ya mashine. Nilitakiwa niitumie kupiga chapa ya mwisho ya majedwali. Badala yake nilitoboa upya kadi moja, ya kisima cha saba, safu ya thelathini na moja, nikaweka moja badala ya mbili. Programu yangu nilikuwa nimeiagiza isiyaamini sana maji ya kuambiwa. Siku tatu baadaye mwendesha mashine alinisukumia karatasi.

"Safari hii haina kosa, msomi. Umefanya nini, umemwomba mganga?"

Ilichagua mraba wa barabarani, pale pale walipotaka wale wengine wa kamati, nusu saa kutoka kijitoni. Nilisoma mraba ule hadi namba zikapoteza maana. Kisha nikaikunja karatasi, na majedwali nikayanakili kwa mkono kutoka chapa ya zamani.

Wiki moja kabla ya kutetea tasnifu, barua ya baba ilifika. Iliandikwa na Mhindi mwenye duka, kwani macho ya baba yalikuwa yamefifia, na ilijaa salamu. Katikati palikuwa na habari. Wauza asali wa njia ya Sikonge walisimulia barazani kwamba wanawake wa kile kijiji walichimba siku tisa wakakuta jiwe tupu, na mmoja wao, mjamzito, alianguka shimoni, mimba ikaharibika. Wenzake wakamgeuzia kibao bibi fulani. Hawali naye, hawamsindikizi msalani, hawamwitikii hodi. Mwishowe amekwenda Ziba, mbali kule kaskazini, kwa binti yake, kwa miguu, kwa kuwa hakuna aliyemkopesha baiskeli. *Dunia ina mambo,* Mhindi aliandika kwa niaba ya baba. *Wewe soma.*

Nilitetea tasnifu mbele ya watu watatu. Mtahini wa nje alikuwa mzee mwenye miwani minene. Aliuliza maswali ya programu, nikajibu yote, maana yote niliyaandaa. Mwishoni alifungua kiambatisho, akaweka kidole juu ya barua ya ofisi ya mipango.

"Nimependa safu hii ya thelathini na moja," akasema. "Wanafunzi wengi hawatofautishi walichokiona na walichoambiwa. Vyanzo saba, vyote mbili. Ulivifikia vyote?"

Safari hii nilikuwa na muda. Naweza kusema ni swali lililokuwa limeandaliwa kuliko yote maishani mwangu. Nilikuwa nimelala nalo usiku arobaini. Niliwaza shimo, niliwaza jembe likilia juu ya mwamba, niliwaza Ziba, ni umbali gani kwa mguu. Nikawaza baba na futi yake ya kupimia suruali.

"Ndiyo, mzee. Vyote."

Akaandika alama.

Nje, kwenye korido, nilimkimbilia msimamizi wangu. Nilikuwa nimefaulu; alikuwa amekwisha niambia kwa ishara ya kichwa. Nikamwambia yote hapo hapo, bila kupumua: kadi, mbung'o, bibi, ofisa, wanawake saba. Nilitaka anishike mkono anirudishe ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea ukuta, faili kifuani.

"Programu ilikosea?" akauliza.

"Hapana, mwalimu. Ni mimi."

"Basi. Tasnifu ni ya programu." Akatazama huku na huku kwenye korido. "Na hili umeniambia mimi ili iweje? Ili nilale nalo mimi? Kule hukuweza kusema mbele ya ofisa, hapa hukuweza kusema mbele ya mtahini, umekuja kusema penye ukuta." Akaiweka faili kwapani. "Jalada limekwisha fungwa. Nenda kale."

Akaondoka. Nilisubiri kwamba kitu kitatokea ndani yangu. Mimi nina mazoea ya kutetemeka, kutapika hata, kwa mambo madogo kuliko hayo: barua iliyochelewa, mwalimu asiyeitikia salamu. Nilisimama nikisubiri. Kilichokuja ni njaa. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nilishuka mpaka bwalo la chakula, nikapewa wali na maharage, nikamaliza, nikarudi kwenye foleni kuomba sahani ya pili, na mpishi akanipa.